Zaka haingoji mvua: jinsi jumuiya ya wanafunzi inavyoweza kuunda mfuko wa maafa

Swali: Assalaam alaykum Ustadh. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu katika chuo kimoja hapa Morogoro. Kila likitokea janga huwa tunachangishana baada ya swala ya Ijumaa, tunatuma tulichopata, basi. Mwaka huu tumeamua tuwe na mfuko wa kudumu ili tujiandae kabla ya mvua. Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema mali ya sadaka haiwekwi, itolewe inapopatikana. Wengine wanataka wahitimu wetu walioajiriwa watupe zaka zao tuzihifadhi mpaka mafuriko yatokee. Tena tuna shilingi 480,000 zilizobaki katika michango tuliyowakusanyia waathirika wa maporomoko ya Hanang'. Wengine wanasema ziwe mtaji wa kuanzia. Lipi sahihi, na tukipata fedha tununue nini?

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Allah awalipe kheri kwa nia hii, maana ni watu wachache wanaofikiria mafuriko wakati jua linawaka.

Kamati yenu imegawanyika kwa sababu mnazungumzia mali tatu kana kwamba ni moja. Zaka ina hukumu yake, sadaka ya kujitolea ina yake, na wakfu, yaani mali inayozuiwa isiuzwe ili manufaa yake yaende kwenye kheri, una wake. Anayesema mali isiwekwe amesema kweli kuhusu zaka, na anayetaka kuweka akiba yuko sahihi kuhusu sadaka. Mkizitenganisha tangu siku ya kupokea, na kila moja ikawa na daftari lake, sehemu kubwa ya mabishano yenu itakwisha hapo hapo.

Kwanza niondoe shaka moja ambayo hukuiandika lakini najua itakuja kikaoni: kwamba kujiandaa kwa balaa ni upungufu wa tawakkul, yaani kumtegemea Allah. Someni Sura Yusuf, aya ya 47 mpaka 49. Nabii Yusuf (A.S.) hakuambiwa na Mola wake akae angoje njaa. Alipanga miaka saba ya kulima kwa bidii, akaagiza nafaka iachwe ndani ya mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Nafaka iliyo ndani ya shuke hukaa muda mrefu bila kuharibika, kwa hiyo Qur'ani imetaja akiba, na imetaja mpaka namna ya kuihifadhi. Hatuhitaji dalili iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Na hapo Morogoro mnajua mnajiandaa kwa lipi. Desemba 2009 Mto Mkondoa uliiingia Kilosa. Januari 2014 maji yaliyavamia maeneo ya Dumila na Magole, yakakata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Msamvu, wakafa watu zaidi ya 100, na nchi ikaingia Idd al-Adha katika msiba. Katika mvua za 2024, zilizoipiga vibaya Rufiji na Kibiti, Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwezi Aprili kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini na kaya zaidi ya 51,000 zilikuwa zimeathirika. Haya si mambo ya kustukiza kila mara. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu na kuitaja kaskazini ya mkoa wenu kwa jina.

Sasa zaka. Hapa ndipo nataka muwe waangalifu kuliko popote.

Wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu haya zaka ikishawajibika hutolewa mara moja kwa anayeweza kuitoa. Tena jumuiya ya wanafunzi si amil. Amil ni mtu aliyewekwa na mamlaka ya Waislamu kukusanya na kugawa. Ninyi ni mawakili wa mtoaji tu. Maana yake, mhitimu wenu akiwatumia zaka kwa simu, bado iko shingoni mwake mpaka imfikie mwenye haki. Ikikaa kwenye akaunti yenu miezi minne mkingoja masika, deni la ibada limekaa shingoni mwake miezi minne bila yeye kujua. Hamna ruhusa ya kumfanyia hivyo ndugu yenu aliyewaamini. Na kwa kuwa ninyi ni mawakili, msijikatie fungu la wanaoitumikia zaka. Nauli na gharama za kutuma pesa zitoke kwenye sadaka.

Je, zaka haina nafasi katika maafa? Inayo, na ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sura Tawba aya ya 60 imetaja mafungu manane, na moja ni wenye madeni. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alipofasiri fungu hilo alimtaja mtu ambaye mafuriko yamechukua mali yake, na mtu ambaye nyumba yake imeungua, akalazimika kukopa kulisha familia yake. Mafuriko yametajwa kwa jina lake. Halafu ipo hadithi ya Qabisa bin Mukhariq katika Sahih Muslim: Mtume (S.A.W.) alimhalalishia kuomba mtu aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake mpaka apate cha kusimamia maisha yake. Kwa hiyo siku maji yanapoingia nyumbani kwa watu, wengi wao wanaingia katika mafungu ya zaka siku hiyo hiyo, hata kama jana walikuwa wanajiweza.

Lakini nataka mlione hili: fukara anayeishi bondeni ni mstahiki leo. Hana haja ya kusombwa kwanza ndipo astahiki. Wanazuoni wa Kishafii, Imamu Nawawi miongoni mwao, wameeleza kwamba fukara mwenye ufundi hupewa cha kununulia vifaa vya kazi yake, na mfanyabiashara hupewa mtaji wa kiasi chake, ili asirudi tena kuomba. Mama anayekaanga samaki karibu na mto, akipewa zaka mwezi wa Februari, anaweza kuhama chumba kile kinachojaa maji kila mwaka, au kuinua kizingiti, au walau kuwa na akiba mkononi mvua zikija. Zaka iliyotolewa mapema kwa mtu sahihi ni maandalizi bora kuliko zaka iliyohifadhiwa kwa ajili yake. Hilo ndilo ningependa kamati yenu ilijadili kwa kina: badala ya kuuliza zaka iwekwe wapi, ulizeni ni kaya zipi maskini zinakaa njiani mwa maji, na nani ataziorodhesha.

Kwa miaka hii kalenda inawasaidia. Ramadhani sasa inaangukia Februari na Machi, mlangoni mwa masika. Wahitimu wengi hutoa zaka zao mwezi huo. Mkiwapelekea orodha ya kaya zilizothibitishwa, kila mmoja anaweza kutoa na ikafika ndani ya siku chache. Na kama janga limetokea katikati ya mwaka, mwambieni mhitimu ambaye mali yake imefika nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka: thamani ya gramu 85 za dhahabu, au 595 za fedha kwa wanaotumia kipimo hicho) kwamba anaweza kuitanguliza zaka ya mwaka huo kabla ya mwaka kutimia. Abbas, ami yake Mtume, aliomba ruhusa ya kutanguliza akaruhusiwa. Zakatul-fitri iacheni nje kabisa ya mpango huu. Hiyo ni chakula cha maskini kabla ya swala ya Idd na haiwekwi.

Jingine ambalo jumuiya za wanafunzi husahau: wenzenu darasani. Mwanafunzi aliyetoka Rufiji mwaka 2024, shamba la wazazi limekwenda na maji, bumu, yaani fedha yake ya kujikimu, limeishia kwenye kodi ya chumba, na hasemi kwa mtu. Huyo ni mstahiki wa zaka kabla hamjatafuta lori la kwenda mkoa mwingine. Mumfikie kwa siri, na jina lake lisisomwe kikaoni.

Mfuko wenyewe wa maandalizi, basi, usimame juu ya sadaka. Mwanafunzi wa kawaida hana nisabu, kwa hiyo mchango wake wa shilingi 500 au 1,000 ni sadaka tu, na sadaka ni pana. Haina sharti la kukabidhiwa mtu mmoja mmoja kama zaka, inaweza kununua vifaa, kulipia mafunzo na kukodi gari. Pia humfikia asiyekuwa Mwislamu, jambo lenye uzito mahali mnapoishi. Zaka kwa kauli ya wanazuoni walio wengi ni ya Waislamu. Mtaa uliofurika Morogoro una Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, na sitaki kijana wa jumuiya yenu asimame kwenye maji ya magoti akimuuliza mtu dini yake kabla ya kumpa blanketi. Mkiwa na mfuko wa sadaka, swali hilo halitaulizwa.

Upana huo una mpaka mmoja: neno la mtoaji. Mkisema "tunachangia Hanang'", fedha ni za Hanang'. Kwa hiyo tangazo lenu la kila Ijumaa liwe na masharti yaliyoandikwa, kwa mfano: *Mchango huu ni sadaka ya maandalizi na msaada wa maafa. Kamati imeruhusiwa kununua vifaa kabla ya janga, kumsaidia mhitaji yeyote, na kuhamishia kitakachobaki kwenye janga jingine.* Mkilibandika karibu na kisanduku na kulisoma kabla ya kukipitisha, mtoaji atatoa akijua anaridhia nini. Na mkiulizwa kama mfuko huo unatolewa zaka ukitimiza mwaka, jibu ni hapana, kwa sababu hauna mmiliki maalumu. Umeshatoka katika mali za watu.

Nije kwenye wakfu, ambao kwa maoni yangu ndiyo hazina mliyoiacha bila kuifungua.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Khalid bin al-Walid alipotuhumiwa kuzuia zaka, Mtume (S.A.W.) alimtetea akasema kwamba Khalid ameziweka wakfu deraya zake na zana zake katika njia ya Allah. Angalieni kitu chenyewe: vifaa vilivyotayarishwa mapema, vimekaa vikingoja siku ya haja, na thawabu zinaandikwa tangu siku vilipowekwa. Mahema, matangi ya maji, pampu, machela, jenereta, majembe na viatu virefu vya mpira vyote vinaingia katika mfano huu, kwa sababu vinatumika na vyenyewe vinabaki. Wakfu wa vitu vinavyohamishika kama hivyo ni sahihi kwa Mashafii bila ubishi wa kuwasumbua. Wakfu wa fedha taslimu ndio wenye hitilafu: kauli iliyo maarufu katika madhehebu yetu inaukataa, kwa kuwa fedha haitumiki mpaka itoke mkononi. Hata hivyo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Muscat mwaka 2004, lilipitisha kuwa wakfu wa fedha unajuzu. Mimi naona mnaweza kuichukua kauli hiyo mbele ya safari. Kwa mwaka wa kwanza anzeni na vitu. Havina utata, na mtoaji anaviona kwa macho yake.

Mwanafunzi mmoja hawezi kununua hema. Ishirini wanaweza, na sheria inaruhusu watu kushirikiana katika wakfu mmoja. Andikeni juu ya hema kwa rangi isiyofutika kwamba ni wakfu kwa waathirika wa maafa, ili mwenyekiti wa mwaka kesho asilipeleke kwenye sherehe ya mahafali. Kikishakuwa wakfu hakiuzwi na hakikodishwi kinyume na lengo lake.

Mnunue nini? Tuseme mna wanachama 300 na kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa mwezi katika miezi tisa ya masomo. Hiyo ni 2,700,000. Si fedha ya kulisha wilaya, na msijaribu. Serikali, Msalaba Mwekundu na wafanyabiashara wakubwa huleta mahindi na maharage. Pengo lenu ninyi ni siku mbili tatu za mwanzo, na vitu ambavyo malori huwa hayabebi. Nunueni ndoo za lita 20 zenye koki na vidonge vya kutibu maji, kwa sababu baada ya mafuriko vyoo na visima huchanganyika na kipindupindu hufuata. Kipimo kinachotumika na mashirika ya misaada duniani ni walau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, mkijumlisha ya kunywa, kupika na kunawa. Pigeni hesabu kwa kaya hamsini muone mnahitaji nini. Nunueni maturubai na kamba, vyandarua, sabuni, taulo za kike, khanga, nguo za ndani na vikombe vya watoto. Dada zenu waliolala madarasani mwa shule baada ya nyumba kuzama wanakosa taulo za kike siku ya kwanza, nao hawawezi kumwambia mwenyekiti wa mtaa ambaye ni mwanamume. Hii ni kazi ya akina dada wa jumuiya, wapewe fungu lao na waliamue wenyewe.

Na msiogope kununua sanda. Janga kubwa likitokea, maiti ni nyingi, maduka yamefungwa, na familia hazina hata kipande cha bafta. Mwanamume husitiriwa kwa nguo tatu, mwanamke tano. Jora kadhaa, pamba, kafuri na glavu vikikaa kwenye boksi kavu haviharibiki upesi. Wafundisheni vijana kuosha na kukafini sasa hivi, wakiwa watulivu. Msamvu ilionyesha pia haja ya damu: majeruhi wa moto hukaa hospitali siku nyingi. Orodha ya wanachama waliokwisha kupimwa kundi la damu na walio tayari kuchangia haiwagharimu chochote, na inaweza kuwa msaada wenu mkubwa kuliko yote.

Vyakula msivihifadhi. Vitaliwa na panya au vitapitwa na muda wakati wa likizo. Zungumzeni na mwenye duka la jumla awaahidi bei na kiasi fulani cha unga, sukari na mafuta mtakapomwita. Iwe ahadi tu, msimlipe kabla: kulipia bidhaa mapema kwa njia ya salam kunahitaji tarehe ya kupokea inayojulikana, na janga halina tarehe.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Zifungeni kwenye kanuni zenu. Likitoka angalizo la mvua kubwa, kamati inakagua stoo na kupiga simu kwa wenyeviti wa mitaa. Ikitoka tahadhari, nauli za wazee na wagonjwa wa bondeni zilipwe wahame wakati barabara bado inapitika. Msalaba Mwekundu kimataifa tangu 2018 una fungu maalumu linalofunguliwa kwa utabiri, kabla ya janga lenyewe. Ninyi mnaweza kufanya hivyo kwa kiwango chenu, mradi kanuni imeandikwa na haingoji kikao cha dharura usiku wa manane. Na kabla ya kugawa chochote, jitambulisheni kwa kamati ya maafa ya kata na ya wilaya. Zipo kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na ndizo zinazojua kaya ipi imeshapata na ipi imerukwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni uongozi wenu wenyewe. Uongozi wa wanafunzi hubadilika kila mwaka, na likizo ndefu huisha vuli inapokaribia, wakati mwafaka kabisa wa stoo kukutwa imefungwa na mwenye ufunguo yuko Bukoba. Mfuko wa aina hii hauwezi kuwa mikononi mwa wanafunzi peke yao. Chagueni wadhamini watatu wasiohama: mhadhiri mmoja, imamu wa msikiti wa karibu na mhitimu anayeishi mjini. Fedha isitoke bila sahihi ya mdhamini mmoja na viongozi wawili wa wanafunzi. Akaunti iwe katika benki inayofuata sharia, kama Amana Bank, au dirisha la Kiislamu la benki nyingine, ili msije mkaanza kujiuliza mtafanya nini na riba. Michango isipokelewe kwenye simu ya mtu binafsi hata kama ni mchamungu wenu. Mkimkinga na tuhuma mnamhurumia. Makabidhiano yafanyike stoo, kitu kwa kitu, mbele ya mdhamini, yaandikwe na kusainiwa na kubandikwa msikitini.

Na zile 480,000 za Hanang'. Maporomoko ya Katesh, wilayani Hanang', ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliua watu zaidi ya 80 na kuacha yatima na wajane ambao wapo mpaka leo. Lengo la watoaji halijaisha, kwa hiyo hamuwezi kuzigeuza mtaji kwa uamuzi wa kamati. Zipelekeni huko: wasilianeni na msikiti au ofisi ya kijiji Katesh, mtafute watoto wa shule waliopoteza wazazi katika tukio lile, mlipe sare na mahitaji yao, mrudishe risiti. Kama orodha ya waliochangia ipo na baadhi yao mnaweza kuwafikia, waulizeni. Atakayeruhusu fungu lake lihamie kwenye mfuko mpya, lihamisheni kwa jina lake. Asiyepatikana, fungu lake liende Katesh. Fanyeni hivyo kabla ya kuzindua mfuko, na siku ya uzinduzi someni risiti hizo kwanza, ndipo mpitishe kisanduku.